Jinsi nilivyoifikia seva ya nyumbani kwa IPv6

Seva ndogo ninayohifadhia picha za familia ilifunguka vizuri nikiwa nyumbani, lakini nikiwa nje haikufikika, ingawa poti yake (mlango wa huduma kwenye mtandao) ilikuwa wazi kwenye ruta. Ukurasa wa hali ya ruta ulionyesha sababu: anwani ya upande wa nje ilianza na 100.72, yaani ilikuwa ndani ya fungu la anwani la 100.64.0.0/10, lililotengwa mwaka 2012 kwa watoa huduma wanaowachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za intaneti), na hapo kufungua poti hakusaidii kitu.

Nikawasha IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi. Ruta ilipata anwani yake, ila vifaa vya ndani vilikosa, kwa kuwa haikuwa ikiomba fungu la kuvigawia. Nilipowasha DHCPv6-PD (njia ya ruta kumwomba mtoa huduma fungu la anwani) na kuomba fungu la ukubwa wa /56, linalotosha mitandao 256 ya /64 (anasa kwa nyumba ya vyumba vitatu), kila kifaa kilipata anwani ya hadharani. Faiawoli (kinga ya mtandao) niliiacha izuie kila kinachoingia, isipokuwa poti 443 ya seva (ya tovuti salama, HTTPS). Fungu hilo hubadilika ruta ikizimwa, kwa hiyo jina la seva hujisasisha lenyewe kwenye DNS (mfumo unaounganisha majina na anwani). Simu yenye laini isiyo na IPv6 bado haiifikii.