Kutoka kilima kisicho na watu hadi sanduku la Pontefract

Old Sarum ni kilima kitupu. Ukitoka mjini Salisbury, kusini mwa Uingereza, unakwenda kama kilomita tatu kuelekea kaskazini, unavuka handaki refu lililochimbwa kabla Warumi hawajafika, na ndani yake unakuta magofu ya ngome, msingi wa kanisa kuu la zamani ulioachwa wazi kwenye majani, na upepo usiokatika. Karne ya 13 watu walihamia bondeni, wakajenga mji mpya. Kiti cha bunge hakikuhama nao. Hadi mwaka 1832 kilima hiki kilikuwa kinapeleka wabunge 2 London. Mwaka 1831 kilikuwa na wapiga kura 11, na hakuna hata mmoja aliyeishi pale. Kura ilifungwa kwenye viwanja. Mwenye viwanja aliwagawia watu wake, nao wakamchagua aliyemtaka yeye. William Pitt, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliingia bungeni mwaka 1735 kupitia hapa, kwa kuwa viwanja vilikuwa vya ukoo wake.

Wakati huo huo Manchester, mji wa viwanda vya nguo wenye watu zaidi ya laki moja, haukuwa na mbunge hata mmoja. Ndiyo maana safari yangu niliipanga hivyo: nianzie kwenye kilima chenye wabunge bila watu, niende kwenye mji uliokuwa na watu bila wabunge.

Salisbury penyewe, ndani ya kanisa kuu, imo nakala mojawapo kati ya 4 zilizobaki za Magna Carta ya 1215. Wageni wengi hupanga foleni kuiona, na mimi nilipanga. Ni ngozi moja iliyojazwa mwandiko mdogo kupita kiasi. Kwangu mimi huo ulikuwa mkataba wa mfalme na mabwana wake. Mkulima wa kawaida hakuitwa kikaoni. Lakini kuna sharti moja humo ambalo sikuacha kulifikiria njia nzima: mfalme asitoze kodi fulani za mabwana bila baraza kuridhia. Tangu zamani hizo, suala la nani anaamua na suala la nani analipa yametembea pamoja.

London nilipita tu, kubadilisha treni. Jioni nikashuka Manchester, ambako mama yangu mdogo anafanya kazi ya uuguzi miaka mingi sasa. Alinipokea stesheni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Twende, basi lisituache."

Basi lenyewe ni la njano, na rangi hiyo ina habari yake. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher iliyaachia soko mabasi ya nje ya London: kampuni yoyote iendeshe njia inayoitaka, kwa nauli inayoitaka. Mama mdogo anakumbuka kampuni kadhaa zikigombania abiria wa barabara moja huku mitaa ya pembeni ikikosa usafiri jioni, na tiketi ya kampuni hii haikubaliki kwenye basi la ile. Kati ya Septemba 2023 na Januari 2025 mamlaka ya mkoa, chini ya meya anayechaguliwa na wakazi, iliyarudisha mabasi yote chini ya usimamizi wa umma, hatua kwa hatua, kwa rangi hiyo moja ya njano. Njia na nauli sasa zinapangwa na ofisi ambayo mwananchi anaweza kuiadhibu kwa kura. Nimekulia kwenye miji ya daladala, na niliona jambo hili ni kubwa kuliko lilivyoonekana kwa abiria waliokuwa wakitazama simu zao.

Asubuhi nilikwenda Uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku hizi ni katikati ya mji: maktaba, hoteli, njia za tremu. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika hapa, wengi wao wafumaji waliotembea kwa miguu kutoka Oldham, Rochdale na Middleton, wamevaa nguo za Jumapili, wanawake wengine wamevalia meupe, wakibeba mabango. Walidai mambo mawili kwa pamoja: haki ya kura, na kufutwa kwa Sheria za Nafaka. Sheria ile ya 1815 ilizuia ngano ya nje isiuzwe nchini mpaka ngano ya ndani ifike shilingi 80 kwa kipimo walichokiita kwota. Waliotunga sheria walikuwa wenye mashamba, waliokula mkate wa bei ghali ni wafanyakazi. Mahakimu wakatuma askari wa farasi. Watu wapatao 18 waliuawa, mamia wakajeruhiwa.

Kumbukumbu yao, iliyofunguliwa 2019, ni ngazi za mviringo zinazopanda hadi juu, na kwenye mawe yake yamechongwa majina ya waliokufa na mahali walikotoka. Nilichuchumaa nikasoma moja moja. William Fildes alikuwa na miaka miwili; farasi alimwangusha kutoka mikononi mwa mama yake. John Lees alinusurika vita vya Waterloo akaja kuuawa kwa panga la askari wa nchi yake. Watu wenye ulemavu walilalamika kwamba mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda ngazi hizo, na nakubaliana nao kabisa: mnara wa watu waliodai usawa ulipaswa kumfikia kila mtu.

Hatua chache kutoka pale unauona ukuta wa mbele wa Free Trade Hall, ukumbi uliojengwa miaka ya 1850 kusherehekea kufutwa kwa Sheria za Nafaka mwaka 1846. Sasa ni hoteli. Manchester ilipata wabunge mwaka 1832, na miaka 14 baadaye ushuru wa ngano ukaanguka. Njaa ya Ireland ilichangia, na waziri mkuu Robert Peel alikipasua chama chake kwa ajili hiyo. Lakini ninaamini kwamba bila wabunge wa miji ya viwanda sheria ile ingeishi zaidi. Sera ya uchumi ilimfuata mpiga kura mpya, naye wakati huo alikuwa tajiri wa kiwanda na mwenye duka. Mfumaji bado alikuwa nje.

Na biashara huria ile ilikuwa na damu yake. Pamba ya Manchester ilitoka kwenye mashamba ya watumwa ya Marekani. Vita vya huko vilipoikata, viwanda vya Lancashire, mkoa wa Manchester wakati huo, vikafungwa na watu wakalala njaa. Hata hivyo Desemba 1862 wafanyakazi walikutana katika ukumbi huu huu wakamwandikia Abraham Lincoln kwamba wanaunga mkono vita dhidi ya utumwa. Lincoln akawajibu, na sanamu yake imesimama mjini. Uvumilivu ule mwanasiasa Gladstone aliutaja bungeni kuwa hoja ya kuwapa wafanyakazi kura, na sheria ya 1867 ikawafungulia mlango wengi wa mijini.

Nikapanda tremu kwenda Rochdale. Mtaa wa Toad Lane namba 31 ni duka dogo la matofali ambalo sasa ni makumbusho. Tarehe 21 Desemba 1844 watu wasio na kura ya bunge walilifungua kuwa duka la ushirika, wakauza siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa shayiri na mishumaa. Mizani iko pale, mapipa yako pale. Kanuni yao: mwanachama mmoja, kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na wanawake wakiwemo. Yaani duka la mishumaa liliwatangulia wabunge wa London kwa zaidi ya miaka 80 katika kuwapa wanawake kura sawa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliounda chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, walijengea juu ya misingi hii.

Tulivuka milima ya Pennines kwa treni siku mama mdogo alipokuwa na mapumziko, hadi Pontefract, mji wa pipi nyeusi za urukususu, mzizi mtamu. Hapo, tarehe 15 Agosti 1872, ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa bunge la Uingereza kwa kura ya siri. Kabla ya hapo mtu alisimama hadharani akataja jina la mgombea, huku mwenye nyumba wake na mwajiri wake wakisikiliza. Sanduku limo makumbusho: la mbao, na lakiri yake imegandia hadi leo. Walitumia muhuri wa kiwanda cha pipi, wenye ngome na bundi. Tuliinama wote wawili tukamtafuta yule bundi mpaka tukamwona.

Pale nilishikwa na uchungu wa kwetu. Wanawake wa Uingereza walipata kura sawa na wanaume mwaka 1928. Miaka 30 baadaye, 1958 na 1959, serikali hiyo hiyo iliwapa watu wa Tanganyika uchaguzi wenye masharti ya kipato, elimu au cheo, tena kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mhindi na Mzungu. TANU ilibishana Tabora mpaka ikaamua kuingia, ikashinda. Waliokwisha kupanda ngazi yote walitupangia tuanzie chini.

Mama mdogo yeye hupiga kura huku. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki hiyo, ya bunge na ya madiwani. Tangu 2023 lazima kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania inakubalika.

"Naenda nayo hiyo hiyo," aliniambia kwenye treni ya kurudi, akitoa mkobani vipeperushi vya wagombea udiwani wa Mei. Alikuwa amevipigia mstari kwa kalamu. "Huyu ameandika habari za maua ya bustani. Huyu kodi ya nyumba. Mimi natoka zamu ya usiku saa mbili kasoro asubuhi, na wenzangu wa usafi wanaingia saa kumi na moja alfajiri. Wakija mlangoni nitawauliza wote swali moja: basi la saa kumi alfajiri litapita mtaani kwetu au halitapita?"