Kilwa, kutafuta mpingo mkavu

Dar es Salaam mpingo haukosekani. Kinachokosekana ni mpingo mkavu. Ukienda Mwenge kwenye vibanda vya vinyago ukaulizia, utaonyeshwa gogo ambalo bado linanuka msitu, na mchongaji atakuapia kwamba huo ndio mpingo. Kwake ni kweli. Ukiwa mbichi unakubali tezo na patasi. Ukishakauka unaua makali, na kila baada ya dakika chache fundi yuko kwenye jiwe la kunolea. Mimi sichongi, nakereza: mti unazunguka kwenye mashine, mimi naukata kwa patasi. Kijikopo chenye kifuniko kilichokerezwa kwenye mti mbichi kinatoka mashineni kikiwa mviringo, na mwezi ukiisha kimekuwa yai, kwa sababu mti ukikauka hunywea kufuata pete zake karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kwenye kiini kwenda nje. Kifuniko hakiingii tena. Mteja wa kifuniko kisichoingia huwezi kumshawishi kwa maneno.

Keko nilikutana na muuzaji mmoja mwenye vipande vizuri sana kwa macho, vyote vimechovywa kwenye nta kuanzia ncha hadi ubavuni. "Kavu hii, kaka, imekaa tangu mwaka juzi," aliniambia. Nta kwenye ncha ni jambo jema, kwa kuwa ncha hupoteza maji haraka mno kuliko ubavu, na hapo ndipo nyufa huanzia. Lakini kipande kilichofunikwa nta pande zote kinaweza kukaa miaka na maji yake tumboni. Nikatoa kipima unyevu changu, akafurahi kuona namba ndogo. Mimi sikufurahi: sindano za kifaa kile zinaingia milimita chache tu, zinasoma ngozi. Nikamwomba tukikate kipande kimoja katikati, nikilipie, akakataa. Nikaulizia karatasi za mzigo, akasema ziko kwa tajiri yake. Tukaagana vizuri.

Basi nikaamua kuufuata mpingo kwao. Asubuhi na mapema nikapanda basi la kusini Mbagala Rangi Tatu. Mkuranga, Kibiti, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, ambalo kabla ya kufunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa pantoni na kusubiri lilikuwa sehemu ya safari. Siku hizi unavuka hata usingizini. Nangurukuru nikashuka kunyoosha miguu, na kabla sijamaliza maji kijana mmoja alishajua shida yangu. Alikuwa na mpingo, "hauna karatasi lakini hauna shida, tunaupitisha usiku." Nikamuuliza ulikatwa lini. Akacheka. "Sasa hilo nani anajua, bro?"

Jibu lile lilinikaa kichwani safari nzima. Kwa kawaida tunazungumzia karatasi za mbao kama habari ya sheria, kitu cha kuogopea kwenye vizuizi. Kwa mkerezaji karatasi ni zaidi ya hapo. Gogo lililokatwa kihalali linagongwa alama kwa nyundo, linapewa namba, linaandikwa tarehe. Mwenye kumbukumbu hiyo anaweza kukuambia umri wa ukavu wake. Asiye nayo atakuambia chochote unachotaka kusikia.

Kilwa Masoko nilianzia kwa watu wa misitu, ili nijue njia yenyewe. Ukiwa na mzigo wa mpingo barabarani lazima uwe na risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kuvusha mpaka ni mlolongo mwingine: tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ubao wake hautoki nchini bila kibali. Wateja wangu wa nje huwa wanaliuliza hili kabla hawajauliza bei, na wana haki.

Kutoka hapo bodaboda hadi Kikole. Kijiji hiki na jirani zao wa Kisangi wana jina kwenye habari za misitu: mwaka 2009 walikuwa wa kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unatunzwa na kuvunwa vizuri, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mzee wa kamati ya maliasili alinipokea kivulini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua au kuangalia?"

Nikamwambia kununua, kidogo tu, vipande vya kujaza gunia. Akatikisa kichwa. Kijiji hakiuzi magunia, kinauza miti iliyosimama, iliyopimwa na kuwekwa kwenye mpango wa uvunaji, na mnunuzi awe na leseni. Mkerezaji wa vijikopo hana mahali kwenye mpango huo. Hata hivyo alinitembeza msituni, na nashukuru, maana anayeujua mpingo kwa kinyago cheusi kinachong'aa anaweza kuupita porini bila kuutambua. Ni mti mfupi, wa miiba, wenye mashina mawili matatu yaliyojipinda, gome la kijivu, na shina lenye mifereji kana kwamba limekamuliwa. Mingi ina uwazi katikati. Hadi uvunwe unahitaji miaka 70 na kuendelea, na ukishapasuliwa kwa ajili ya zumari na klarineti, sehemu inayofaa mara nyingi haifiki hata moja ya kumi ya gogo.

Hiyo moja ya kumi ndiyo iliyoniokoa, au niseme zile tisa zilizobaki. Mzee aliniambia niende kwa mpasuaji fulani anayenunua kwao mara kwa mara. Kiwanda cha ala za muziki kinakataa kipande chenye ukingo mweupe wa nje, chenye fundo dogo, au kilichopungua urefu. Mimi kalamu natengeneza ya urefu wa kiganja. Huo ukingo mweupe wanaoukataa, wateja wangu wengine wanaulipia zaidi, kwa jinsi unavyokaa kando ya weusi.

Banda la mpasuaji huyu ningependa kila mfanyabiashara wa mbao alione. Paa refu, kuta hakuna, upepo unapita, jua haligusi. Vipande vimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa izunguke, nta kwenye ncha tu. Na kwenye kila rundo kipande kimoja kimeandikwa kwa chaki namba ya gogo, tarehe, na chini yake safu ya uzito: gramu kadhaa, mwezi uliofuata zimepungua, mwingine zimepungua kidogo, kisha namba ileile inajirudia. Kipande kisichopungua tena kimemaliza kutoa maji kwa hewa ya pale. Mizani ya dukani inatosha kwa kazi hii, wala huhitaji kifaa cha umeme. Nikamwambia nataka kukata kimoja katikati. Akaniwashia msumeno mwenyewe.

Kile kipande chembamba cha katikati nilikuja kukipima nyumbani, nikakikausha kwenye oveni kwa nyuzi 103 hadi uzito ukasimama. Hesabu yake ni rahisi: maji yaliyotoka, gawanya kwa uzito mkavu. Gramu 115 zikishuka hadi 100, unyevu ulikuwa asilimia 15. Changu kiliangukia jirani na hapo, na kwa Kilwa huo ni ukavu wa haki kabisa. Hewa ya pwani yenye unyevu wa asilimia 80 haiwezi kuushusha mti chini ya asilimia 15 au 16 hivi, hata ukae miaka kumi. Tatizo ni kwamba ofisi yenye kiyoyozi, au nyumba ya Ulaya inayopashwa moto majira ya baridi, inauvuta hadi asilimia 8 au chini yake. Kwa hiyo hata mpingo wa mtu mwaminifu naukereza umbo la awali, nene kuliko linavyotakiwa, nauacha chumbani kwenye hewa kavu, kisha ndipo namalizia. Anayeniuzia hawezi kunifanyia kazi hiyo, na simlaumu.

Kuna jambo lingine wageni wa mti huu hawaambiwi: vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua. Mpasuaji na vijana wake walivaa barakoa. Nikalihesabu hilo kwenye sifa zake.

Tulipofika kwenye vipande vinene, vya bakuli, mambo yakawa tofauti. Nilivitamani. Vilikuwa vyeusi hadi rangi ya zambarau inachungulia, na tarehe zake hazikuwa za jana. Yeye akaenda kwenye chaki, akanionyesha safu: kila mwezi bado zinashuka. "Hivi sikuuzii," akasema. "Ukivikereza vikapasuka, utaniona mimi tapeli." Nikajaribu kumwambia nitavikausha mwenyewe, hatari ni yangu. Akaniandikia risiti ya vipande vidogo peke yake, akaambatanisha namba za magogo na hati ya kusafirishia, akafunga gunia.

Kizuizini walilifungua, wakalinganisha kilichoandikwa na kilichomo, wakanirudishia karatasi. Abiria wenzangu walilalamika kidogo kuhusu kucheleweshwa.

Mimi na mpasuaji yule huwa tunapigiana simu. Mara ya mwisho nilimuuliza habari za vile vinene, akaenda bandani na simu mkononi, nikasikia mizani ikiwekwa chini. Vimepungua gramu nne tangu mwezi uliopita. Nikamwambia aviache.