Leo Hakukuwa na Kitu

Wiki hii Nasra amemaliza mitihani, gari limepata mnunuzi hatimaye, nami nimehamishiwa wodi ya watoto, lakini ninachokirudia kichwani ni jibu moja alilolitoa shemeji yenu Jumamosi, tulipokuwa tukisuuza vifaa ufukweni, kusini mwa Kralendijk, mji mkuu wa Bonaire, kisiwa cha Uholanzi katika Karibiani. Mzamiaji aliyekuwa akiegesha gari karibu na lile jiwe la njano la kuonyesha mahali pa kuzamia alituuliza tumeona nini, naye, kwa upole wake wote, akamjibu: "Leo hakukuwa na kitu."

Hakukuwa na kitu! Muda mwingi wa mzamo ule nilikuwa nimeelea juu ya mwani wa Avrainvillea, kioo cha kukuzia mkononi, nikiupekua kwa macho tu, kwa kuwa hifadhi ya bahari ya Bonaire hairuhusu kugusa viumbe wala kuvaa glavu. Juu ya jani moja nikamwona Costasiella ocellifera, konokono wa baharini asiye na gamba, mwenye urefu wa milimita chache, macho yake mawili meusi yamesogeleana katikati ya kichwa kana kwamba kuna jambo limemshangaza. Niligonga mtungi wangu wa hewa kumwita shemeji yenu. Akaja, akainama, akanipa ishara kwamba sawa, kisha akaenda kutafuta kasa ambaye hata hakumpata. Je, alimwona kweli, au aliniridhisha tu? Tangu siku hiyo nimeshatunga majibu mengi, mengine makali mno kwa mtu aliyenibebea mtungi, lakini pale ufukweni nilinyamaza nikaendelea kusuuza.

Jana nikamsimulia Mama kwa simu. Tanga ulikuwa usiku tayari. Hakuuliza ukubwa wa konokono huyo. Aliuliza, "Anakula nini?" Nikamweleza kuwa hufyonza utomvu wa mwani uleule anaoishi juu yake, na kwamba kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, hazimeng'enyi zote, bali huziweka mwilini mwake zikaendelea kufanya kazi, kama afanyavyo pia ndugu yake mkubwa, Elysia crispata, yule wa mikunjomikunjo niliyewaonyesha mwaka jana. Mama, ambaye amechokoa pweza miambani tangu usichana wake, alitafakari kidogo.

"Basi huyo ni mwizi, mwanangu. Kaiba jiko zima."

Nilicheka mpaka shemeji yenu akachungulia kutoka chumbani akiuliza nani kaibiwa. Sikumjibu, na nakiri kwamba kutomjibu kulinifurahisha kupita kiasi. Mama naye alitaka kujua kama mwizi huyo hushiba siku ya mawingu, swali ambalo hakuna mzamiaji hata mmoja hapa kisiwani aliyewahi kuniuliza.

Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu nyingine kabisa: pasipoti yangu inakwisha Machi, ubalozi wetu uko The Hague, Uholanzi kwenyewe, na nauli ya kuvuka Atlantiki tulikuwa tumeitenga kwa ada ya Nasra.