Siku Tuliyopwelewa Tukitoka Takwa

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 11, mtoto wa mtaa wa Langoni, mjini Amu (Lamu), na kijiji cha Shela kwangu kilikuwa mahali pa kuogelea tu. Kutoka mjini ni mwendo wa kama kilomita tatu ukifuata ufuo. Babu mzaa mama, mwenyeji wa Shela, ndiye aliyenishika mkono siku hiyo tukaenda ziara ya Takwa.

Watu wa Shela huvuka hadi Takwa, kisiwani Manda, kuzuru na kuomba mvua, na safari hupangwa kwa maji. Mkono wa bahari unaoingia huko una mikoko pande zote mbili, hauingiliki ila maji yakijaa. Tuliondoka asubuhi kwa mashua mbili, wazee wakisoma kasida, sisi watoto tukilinda vikapu vya mahamri.

Nilidhani nitaona mji. Nikaona mibuyu, kuta za mawe zisizo na dari, na msikiti wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo lenye mwaka wa 1094 Hijria, yaani karibu 1683. Hapo wazee walisoma Yasini, wakaomba, wakalia. Sikuwa nimepata kumwona babu akitoa machozi.

Dua ilipokwisha akaniita. "Ndoo, mwanangu. Nti yetu ya kwanda ndiyo hii." Yaani, njoo, nchi yetu ya kwanza ndiyo hii.

Alinitembeza magofuni, akanionyesha milango inayoelekea kaskazini, upande wa kibla. Kisha akateka maji ya kisima kwa kikopo, akaniambia nionje. Nikatema. Hakucheka. Akasema chumvi hiyo ndiyo iliyowahamisha wazee wetu: maji yalichumvika, wakavuka mlango wa bahari, wakajenga Shela. Wapo wanaosema sababu ni ugomvi na Pate, kisiwa jirani, na huenda yote mawili ni kweli. Babu aliamini kisima.

Tulikawia sana. Mashua ya kwanza ilipita, yetu ikapwelewa katikati ya mikoko. Nahodha akachomeka upondo matopeni, akaketi. Ilibidi tungoje maji yarudi, jua linazama na mbu wametuvamia.

Hapo ndipo babu aliponisimulia Vita vya Shela, vya karibu 1813. Watu wa Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, walishuka ufuoni Shela ili waiteke Amu. Waamu wakawatokea, wakawavunja, na walipokimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa.

"Kama sisi hivi," akasema, akigonga ubavu wa mashua kwa kiganja.

Waliuawa wengi pale. Babu alisema hata utotoni mwake upepo ulikuwa ukifukua mchanga na mifupa yao ikitokeza. Waamu nao waliogopa kulipiziwa kisasi, wakamwomba Sayyid Said wa Omani awalinde, na ngome ya mjini ikakamilika chini ya watu wake. Shela ikanawiri katika miaka hiyo. Msikiti wa Ijumaa, ule wenye mnara unaoonekana tangu baharini, ni wa 1829.

Inaniuma ninaposikia siku hizi kwamba Shela ilianza Wazungu walipokuja kununua magofu na kuyafanya nyumba za likizo. Nimeyasikia hayo hata kwa vijana wetu wenyewe, wanaopita kila siku mbele ya msikiti huo. Ndipo humkumbuka babu gizani, sauti imekauka kwa kiu, bado anataja mitaa ya watu waliohama Takwa.

Maji yalianza kurudi baada ya isha. Vijana walishuka wakaisukuma mashua, matope yamewafika magotini, na tulipofika Shela bibi alikuwa amesimama ufuoni na kandili. Hakutugombeza. Alituongoza moja kwa moja hadi kisima cha nyumbani.

Kisima hicho kiko chini ya matuta ya mchanga. Mvua ikinyesha, matuta huinywa na kuihifadhi chini. Maji hayo ndiyo yanayoinywesha Shela, na mji wa Amu pia. Babu alinipa mimi kata kwanza.

"Haya, onja na haya."

Nilikunywa, nikamrudishia kata, nikaomba tena.