Barua ya bibi niliyoshindwa kuisoma

Leo tumefungua kasha la bibi mzaa baba, hapa Mji wa Kale, Mombasa.

Chini ya leso zake kulikuwa na barua saba. Herufi za Kiarabu. Nikadhani ni Kiarabu, nikaziweka kando.

Baba akampigia simu maalim wa jirani. Akaja, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti.

Kiswahili! Kiswahili kitupu!

"Mato yangu yako ndiani," bibi alimwandikia babu aliyekuwa safarini Lamu. Macho yangu yako njiani.

Nililia, jamani. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na barua ya bibi yangu nimehitaji mtu wa kunisomea.

Kisiwani Pate, karibu na Lamu, walikuwa wakiandika tendi, yaani mashairi marefu ya masimulizi, kwa herufi hizi tangu miaka ya 1700. Wakaja Wajerumani na Waingereza, shule zao na ofisi zao zikataka herufi za Kirumi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Kimvita cha bibi, lahaja ya Mombasa, kikabaki cha nyumbani na cha mashairi. Mimi mwenyewe niliandika "mato" kwenye insha darasa la tano, nikapigiwa mstari mwekundu.

Na bibi, aliyejua kusoma na kuandika, serikalini alihesabiwa hajasoma. Alikuwa akitia kidole gumba.

Maalim amekubali kunifundisha, kila Jumamosi baada ya alasiri.

Nani mwingine ana barua kama hizi nyumbani? Ziko wapi? Kuna anayezisoma?