Nilivyoacha kutetemeka kwenye namba 8

Ushauri nilioupata kwa wingi tangu nianze kushindana kwenye pool ni huu: "Gonga mbili kwanza, mkono utulie." Nimeambiwa na wachezaji wazuri, nimeambiwa na wabovu, nimeambiwa hata na dada wa kaunta, ambaye yeye angalau ana sababu ya kibiashara. Wale wanaojifanya wamesoma wanakutajia na Bill Werbeniuk, yule Mkanada wa snuka, mchezo ndugu wa pool, aliyekuwa anashushia bia mfululizo ili mkono usitetemeke. Kunywa alikunywa kweli. Wasichokwambia ni kwamba jamaa alikuwa na maradhi ya mkono kutetemeka, akaishia kutegemea dawa ya moyo iitwayo propranolol mpaka ikapigwa marufuku michezoni, na ubingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja hakuwahi kuuona. Ndiye wa kumuiga huyo?

Mimi ni dereva wa bajaji, Temeke. Kutwa nimekaa, magoti yamekunjwa, mgongo umejipinda. Jioni naingia kwenye pool. Jicho langu halina shida, na gemu za mwanzo mwanzo hapa Tandika watu wananijua. Lakini ikigonga saa nne usiku kiuno kinaanza kuwaka moto. Badala ya kuinama mpaka kidevu kikaribie fimbo, nainama nusu tu, kama mtu anayechungulia kisima. Ukiwa juu namna hiyo mstari wa mpira na shimo huuoni sawasawa, na kila ukipiga, kichwa kinanyanyuka pamoja na mkono. Unaanza kusema meza imepinda, kitambaa kimechakaa, fimbo haina ncha. Meza ni ileile uliyowafungia watu saa moja jioni.

Halafu kuna kitambi. Meza zetu za baa, hizi za kutumbukiza sarafu, ni za futi 7, si kubwa, ila nyeupe, ule mpira unaoupiga kwa fimbo, ikikaa katikati huna namna, unajilaza. Mguu mmoja lazima ubaki chini. Sasa kuna mashindano ya mtaa, zawadi mbuzi, mimi nipo robo fainali na nachezea kubwa, yaani namba 9 hadi 15. Nimebakiza mbili na nane, ule mpira wa mwisho unaoamua gemu. Nikajilaza vizuri kabisa, mguu wa nyuma umeninginia, nimelenga, nimeshaona mpira unaingia. Tumbo likagusa namba 11. Haikusogea hata upana wa ukucha, na mimi mwenyewe sikuhisi kitu. Refa, kijana mmoja mwenye macho ya kunguru, akasema "faulo, shati limegusa". Nikabisha kuwa ni shati, si mimi. Akajibu, "Kaka, ndani ya shati kuna nani?" Baa nzima ikalipuka. Mpinzani akapewa nyeupe aiweke anapotaka, akasafisha meza, mbuzi nikaja kumsikia kwa harufu tu akichomwa. Jina la "Kumi na Moja" nilikaa nalo muda mrefu.

Ndipo nikaenda gym. Mwalimu nikamweleza wazi kuwa nacheza pool, nataka mwili wa pool. Akanipa vyuma vya kifua na mikono, "upate nguvu ya kuvunja". Kuvunja mwanzo wa gemu si nguvu za kibega, lakini nani atabishana na mtu mwenye shingo ile? Kesho yake nina mechi. Kiwiko hakikunjuki vizuri, misuli imekaza, na pool yote iko kwenye kiwiko kilicholegea kinachoning'iniza mkono uende na kurudi bila kulazimishwa. Nikapiga mpira uliokaa mdomoni kabisa mwa shimo, mpira ambao mtoto angeusukuma kwa kidole. Ukagonga kona, ukarudi kunisalimia. Nilipomlalamikia mwalimu akasema ni kawaida, niongeze kilo. Ada ya mwezi, elfu thelathini na kitu, nikamwachia.

Kilichonisaidia ni vitu vya bure au karibu na bure. Jumamosi alfajiri nilijiunga na klabu ya jogging ya mtaani, wale wa fulana za rangi moja na mchakamchaka unaoamsha watoto wa watu. Miguu ndiyo inayocheza pool kuanzia saa tatu usiku, amini usiamini: unazunguka meza, unasimama, unainama, unasimama tena. Nyumbani nalala kifudifudi juu ya mkeka nimejiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama rula, mpaka tumbo litetemeke. Na nikiwa kijiweni nasubiri abiria, napandisha kisigino kwenye kiti cha bajaji, nainamia goti bila kulikunja. Abiria wanadhani nimeumia. Ile misuli ya nyuma ya paja ikilainika, kuinama kwenye meza hakukuchoshi na kiuno kinanyamaza. Anayesema mbio hazina kazi kwenye michezo ya fimbo amwangalie Ronnie O'Sullivan: ni mkimbiaji wa miaka mingi, na mwaka 2022 alichukua ubingwa wa dunia wa snuka kwa mara ya 7 akiwa na miaka 46.

Ila hayo yote hayakugusa ugonjwa wangu mkuu, namba 8. Ukibaki wewe na nane, watu kimya, moyo unadunda mpaka unausikia masikioni. Mazoezini hupati hali hiyo, moyo uko baridi. Nikawaza: kama moyo haudundi wenyewe mazoezini, niudundishe mimi. Nikanunua kamba ya kuruka, elfu tano hivi, nikaelewana na mwenye baa niwe naingia mchana kabla ya wateja. Naweka nane karibu na shimo la kati, nyeupe naipeleka mwisho wa meza. Naruka kamba hadi nahema kwa mdomo, natupa kamba, nashika fimbo, napiga.

Mwanzoni ilikuwa aibu. Nyeupe iliruka nje ya meza ikaenda kulala chini ya friji la soda, na dada wa kaunta akaanza kudai fidia ya glasi ambazo sijazivunja bado. Lakini mwili una siri yake. Ukivuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu, mwisho wa kuitoa, kabla hujavuta nyingine, kuna kijinafasi ambapo mwili wote umetulia. Hapo ndipo pa kuachia mkono. Kabla ya hapo bega linapanda, ukichelewa linapanda tena. Na chaki nayo si ya kupaka tu. Paka polepole, huku unahema, hakuna refa atakayekusema. Kadiri mbio za Jumamosi zilivyonikaa mwilini, ndivyo moyo ulivyowahi kushuka. Ikafika mahali natupa kamba, napaka chaki, na nikimaliza kupaka nimeshapoa.

Mashindano yaliyofuata nikakutana na yuleyule aliyenifunga siku ile tumbo lilipogusa namba 11. Tukaenda mpaka gemu ya mwisho, karibu saa sita usiku. Yeye alikuwa ameanza na zile mbili za kutuliza mkono, zikawa sita. Nane yake ikamkaa pembeni kabisa, rahisi, akaipita. Mimi nikapaka chaki mpaka watu wakaguna. Ikaingia. Fainali nilifungwa na mzee mmoja wa Mbagala ambaye sidhani kama amewahi kukimbia hata akifukuzwa na mbwa. Kwa huyo sina la kusema, nilimpa shikamoo na mkono.

Mengine madogo: usicheze umeshiba ugali, utainama kwa shida. Usivae ndala, ukijilaza mguu wa chini unateleza. Maji kunywa, wakikucheka waache. Na kamba nunua nzuri. Yangu ya plastiki imeshakatika, siku hizi natumia ile ya kuanikia nguo, na mama watoto ana maneno yake kuhusu hilo.