Mwanzo wa Nomino katika Kikpelle

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala tuna mazoea ya kudhani kwamba lugha isiyo na ngeli ni lugha ambayo nomino zake zimetulia tu, labda kwa sababu wanafunzi wetu huingia darasani wakiwa na omuntu na abantu (mtu na watu kwa Kiganda) tangu utotoni. Kikpelle, lugha ya jamii ya Kimande inayozungumzwa Liberia na pia Guinea, ambako huitwa Guerzé, hakina ngeli kama zetu, na bado nomino zake hugeuka kwenye konsonanti ya kwanza kabisa.

Chukua neno polu, yaani mgongo. Msemaji akitaka kutaja mgongo wake mwenyewe, hutanguliza nazali, yaani sauti ya puani kama m au n, yenye toni ya juu, na p ikawa ghuna, yaani ikapata mtetemo wa kooni, neno likasikika mbolu. Akitaja mgongo wa mtu mwingine, nazali ni ile ile ila toni ni ya chini, na katika matamshi humezwa, ikaacha b nzito na neno lililoshuka toni: bolu. Kwa njia hiyo hiyo t huwa d, k huwa g, f huwa v, na kp huwa gb. Hata l huwa n, jambo ambalo halitamshangaza Mganda, kwa maana olulimi, yaani ulimi, kwake katika wingi huwa ennimi. Kiswahili katika neno hilo kimeshika njia ya nd, ndiyo maana tuna ulimi na ndimi. Sidai kwamba kuna undugu hapo. Nazali ina tabia ya kuisumbua konsonanti inayoifuata, popote pale.

Umiliki huu wa moja kwa moja ni wa viungo vya mwili na jamaa. Nyumba au shamba huhitaji neno la pekee la umiliki, nayo nomino hubaki ilivyo. Nasi tunasema mkewe na babangu bila kusita, lakini nyumbaye tunawaachia washairi.

Wingi hauna makuu, kwani alama yake hukaa mwishoni mwa neno.

Kazi iko kwenye kamusi. Anayejifunza akisikia bolu hana budi kulitafuta kwenye p, sawa na mwanafunzi wangu anayehangaika na ndimi kwenye N ilhali limeorodheshwa kwenye U; tofauti ni kwamba yule wa Kikpelle lazima awe ameisikia toni vizuri kabla hajajua mgongo unaosemwa ni wa nani.